Namba nzuri, mteremko mbaya: kutafuta kosa kwenye programu za uthabiti wa miteremko na mwendo wa ardhi

Programu ikigoma na kutoa ujumbe mwekundu, umepona: unajua imegoma na unajua pa kuanzia. Ya kuogopa ni faili inayokwenda bila kelele hadi mwisho, ikachora tao safi la kuteleza na kuandika kigezo cha usalama ambacho hakuna anayekihoji. Moja ya namna hiyo ililetwa mezani kwangu niikague. Mteremko wa mita 10 kwenda juu, nyuzi 40 hivi, udongo wenye mshikamano wa kPa 10 na pembe ya msuguano ya nyuzi 25. Kigezo cha usalama, 4.7. Kwenye picha zilizopigwa pale pale, juu ya ukingo kulikuwa na nyufa unazoweza kuingiza kiganja. Aliyetengeneza mfano alikuwa ameandika uzito wa udongo 1.8 kwenye kisanduku kinachotaka kN/m³. Kichwani alikuwa na tani. Tulipoandika 18, namba ikashuka hadi karibu 1.2, na nyufa zikaanza kuleta maana.

Nimeyapanga maelezo haya kwa dalili, kwa sababu hivyo ndivyo tatizo linavyokuja: kosa lenyewe hulioni, unachoona ni namba inayokukera. Uwe unatumia SLOPE/W, Slide2, PLAXIS au nyingine yoyote, vitufe vinatofautiana ila magonjwa ni yale yale. Kigezo cha usalama, yaani kinachozuia kuteleza kikigawiwa kwa kinachosukuma (chini ya 1 mteremko unaanguka), nitakiita F ili tusichoshane.

F imeruka juu sana, au imeporomoka karibu na sifuri

Anza na vipimo kabla ya nadharia. Kosa la 1.8 linafaa kuchunguzwa kwa ndani, maana lina tabia ya ujanja. F inajengwa na vitu viwili, mshikamano na msuguano. Uzito wa udongo ukipungua mara kumi, nguvu inayousukuma mteremko inapungua mara kumi lakini mshikamano unabaki palepale, kwa hiyo mchango wake unakuzwa mara kumi. Msuguano haujali: uzito uko upande wa kinachozuia na upande wa kinachosukuma, unajifuta wenyewe. Ndiyo kusema mchanga mkavu usio na mshikamano utakupa F ile ile ukiandika 18 au 1.8, na kosa litajilalia humo hadi siku mtu atakapoongeza tabaka la mfinyanzi. Sasa tia maji. Maji yanabaki 9.81 kN/m³, udongo umeshakuwa mwepesi kuliko maji, mkazo fanisi (unaobebwa na chembe za udongo baada ya kutoa shinikizo la maji) unakwenda hasi na F inaanguka. Kosa moja, dalili mbili zinazopingana. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie "F imeshuka, kwa hiyo tuko upande salama".

Ndugu zake kosa hilo ni kPa na MPa. Watu wa miamba huzoea MPa, watu wa udongo kPa. Faili ikihama kutoka meza moja kwenda nyingine, 0.025 na 25 hubadilishana viti. Ukiona F ya mamia, usitafute zaidi.

Kosa jingine la kundi hili si la vipimo bali la kuchanganya ripoti. Mfinyanzi uliopimwa kabla maji yake hayajapata muda wa kutoka una nguvu moja tu, su, tuseme kPa 40, na pembe ya msuguano ni sifuri. Anakuja mtu anaandika 40 kwenye mshikamano, kisha anachukua nyuzi 24 kutoka kipimo kingine kilichofanywa polepole na kuziweka pembeni yake. Amehesabu nguvu ya udongo ule ule mara mbili, na programu haina namna ya kujua.

Kuna hesabu mbili za mkono ninazozifanya kabla ya kufungua faili ya mtu. Ya kwanza ni ya mchanga mkavu kwenye mteremko mrefu: F ni tangenti ya pembe ya msuguano ikigawiwa kwa tangenti ya pembe ya mteremko. Nyuzi 35 kwenye mteremko wa nyuzi 30 hutoa 1.21. Maji yakijaa hadi juu na kutiririka sambamba na mteremko, zidisha kwa uzito wa udongo uliozama ukigawiwa kwa uzito wake wote. Kwa udongo wa 20 kN/m³ ni 0.51, na F inakuwa 0.62. Ya pili ni ya mfinyanzi uliokatwa wima: kwa mujibu wa chati za Taylor za 1937, kimo cha juu kabisa kabla haujaanguka ni 3.83 mara su, ukigawa kwa uzito. Kwa kPa 30 na 18 kN/m³ ni mita 6.4 hivi. Tengeneza mfano mdogo wa hivyo ndani ya programu yako, kwa vipimo vile vile ulivyotumia kwenye kazi. Ukikosa 1.21, hakuna sababu ya kwenda mbele.

Kigezo kidogo kabisa kiko kwenye ngozi ya mteremko

Matao yote mabaya yamejipanga juu juu, kina cha sentimita 20, sambamba na uso. Programu haijakosea. Udongo usio na mshikamano kabisa huwa dhaifu zaidi pale pale usoni, na utafutaji umefika kwenye jibu la kihesabu. Swali ni kama unajali. Mmomonyoko wa uso una tiba yake, nyasi na mawe, na si tatizo uliloitwa kulitatua. Weka kina cha chini cha tao, mita moja au mbili kulingana na ukubwa wa mteremko, na uandike kwenye ripoti kwamba umefanya hivyo. Wapo wanaotia mshikamano wa bandia wa kPa 5 kwenye tabaka lote ili ngozi itulie. Hapana. Kwenye mteremko mfupi, kPa 5 ni nguvu nyingi mno kuipata kwa kuandika tu.

Tao baya limeegemea ukingo wa eneo la utafutaji

Ukitumia gridi ya vitovu (nukta ambazo programu inachora matao kuzizunguka), angalia mahali kitovu cha tao baya kilipo. Kikiwa kwenye mstari wa nje wa gridi, jibu lako ni la gridi, si la mteremko. Isogeze au ipanue hadi kitovu kikae ndani, kimezungukwa na mistari ya F inayopanda pande zote. Ukitumia njia ya kuingilia na kutokea, ambapo unachora usoni vipande ambamo tao litaanzia na kuishia, angalia vivyo hivyo ncha za vipande hivyo. Na ukiona mabonde mawili ya F, moja kwa tao fupi na jingine kwa tao refu linalogusa tabaka laini chini, yatafute kila moja peke yake. Utafutaji wa pamoja huishia kwenye bonde la karibu na kutangaza kazi imekwisha.

Tabaka jembamba la mfinyanzi laini halikamatwi vizuri na tao la duara. Duara linapita, linaligusa kidogo, linaondoka. Hapo tumia njia isiyo ya duara inayoweza kulala ndani ya tabaka. Nimewahi kuona F ikitoka 1.45 hadi 1.1 kwa badiliko hilo peke yake.

Hesabu haitulii, au vipande vya mguuni vina nguvu za ajabu

Njia za vipande zote zinakata udongo kama mkate na kupima kila kipande. Kwa njia ya Bishop ya 1955, nguvu ya wima ya kila kipande inagawiwa kwa namba moja: kosini ya mwinamo wa kitako cha kipande, jumlisha saini yake mara tangenti ya msuguano ukigawa kwa F. Kwenye mguu wa mteremko, tao linapopanda kutokea nje, mwinamo ni hasi. Tuseme tao linatoka kwa nyuzi 50, msuguano ni nyuzi 35, F ni 1: namba hiyo ni 0.11. Kugawa kwa 0.11 ni kuzidisha kwa tisa. Kipande kimoja cha mguuni kinapewa uzito ambao hakina, na F inapanda bila haki. F ikishuka hadi 0.8 njiani, namba ile inakuwa hasi na hesabu inapasuka. Programu nyingi huyatupa matao ambayo namba hii iko chini ya 0.2, na huo ndio ujumbe wa hitilafu unaouona ukijirudia kwenye mamia ya matao.

Tiba: zuia tao lisitoke kwa mwinamo mkali. Kikomo kizuri ni nyuzi 45 toa nusu ya pembe ya msuguano, kwa hiyo nyuzi 27 hivi kwa udongo wa nyuzi 35.

Upande wa juu, karibu na ukingo, ugonjwa ni mwingine. Udongo wenye mshikamano unapata nguvu za kuvutana, yaani hesabu inadhani udongo unaweza kuning'inia kwa kushikana. Njia za Spencer na Morgenstern-Price, zinazosawazisha nguvu na mzunguko kwa pamoja, ndizo zinazolalamika zaidi, na mtu mvivu hurudi kwa Bishop kwa kuwa "inafanya kazi". Bishop inafanya kazi kwa kuwa haiulizi. Weka ufa wa mvutano badala yake. Kina chake ni mara mbili ya mshikamano kwa uzito, mara tangenti ya nyuzi 45 jumlisha nusu ya msuguano: kPa 10, 18 kN/m³ na nyuzi 25 hutoa mita 1.7. Kisha jiulize kama mvua itaujaza. Ufa wa mita 1.7 uliojaa maji unasukuma kwa takribani kN 15 kwa kila mita ya urefu wa mteremko, na mteremko mdogo utalihisi hilo.

Maji: F inabadilika sana kwa kugusa mstari mmoja

Nusu ya faili zenye matatizo ninazopokea, tatizo ni maji. Siyo kwamba watu wamesahau maji; wameyachora, tena kwa rangi ya bluu nzuri. Lakini mstari wa bluu una maana tofauti kulingana na kisanduku ulichotia alama.

La kwanza, mwinamo. Ukichora mstari wa maji unaoshuka sambamba na mteremko na kuiambia programu ichukue kina cha wima, shinikizo linakuwa kubwa kuliko halisi. Maji yanayotiririka sambamba na mteremko wa moja kwa mbili yana shinikizo la asilimia 80 tu ya kina hicho, kwa kuwa kosini ya mwinamo mraba wake ni 0.8. Programu ina kisanduku cha kurekebisha hilo. Kwenye mteremko mkali, kukitia alama au kutokitia kunaweza kuwa tofauti ya 1.3 na 1.1. Upande wa pili, maji ya tabaka la chini lililofungiwa hayafuati mstari wa juu hata kidogo. Yanahitaji mstari wake wa shinikizo, ulioandikwa kwa tabaka lile tu. Nimeona mtu akiutumia mstari mmoja kwa tabaka zote huku piezometa (kifaa cha kupima shinikizo la maji ardhini) iliyofungwa kwenye mchanga wa chini ikisoma mita 3 juu ya uso wa ardhi.

La pili, mfyonzo. Juu ya mstari wa maji, udongo unayavuta maji, shinikizo ni hasi. Mita 5 juu ya mstari, hasi ya kPa 49. Programu ikiliruhusu hilo lote lihesabiwe kama nguvu, kwa msuguano wa nyuzi 30 umejipatia mshikamano wa bure wa kPa 28. Programu za vipande kwa kawaida hulikata kwenye sifuri usipoamuru vinginevyo, ilhali za elementi (zinazogawa ardhi yote kwa wavu wa vipande vidogo) huenda zikaliacha. Mtu anapokuja na malalamiko kwamba programu mbili zimempa 1.25 na 1.6 kwa mteremko ule ule mkavu juu, ninauliza kuhusu mfyonzo kabla hajamaliza sentensi. Mfyonzo ni wa kweli, ila mvua ya siku tatu inaufuta, na miteremko mingi inaanguka wakati huo hasa.

La tatu, ziwa mbele ya mteremko. Maji yaliyosimama nje yanausukuma mteremko kwa ndani na kuusaidia. Ukichora mstari wa maji juu ya ardhi, programu nyingi huuweka mzigo huo zenyewe. Ukiingiza shinikizo kwa njia nyingine, mfano kwa uwiano wa ru (shinikizo la maji kwa uzito wa udongo ulio juu yake) au kwa nukta za shinikizo, mzigo haupo na lazima uuweke wewe. Dalili yake: unajaza bwawa, F inashuka kwa kasi isiyoeleweka. Fungua kipande kimoja kilicho chini ya maji na usome nguvu iliyo juu yake. Sifuri? Umepata.

Kushuka ghafla kwa bwawa ni kinyume chake: mzigo wa nje unaondoka leo, maji ya ndani ya mfinyanzi yanabaki wiki kadhaa. Usiushushe mstari wa ndani pamoja na ziwa.

Njia mbili, majibu mawili

Kwa tao la duara, Bishop na Spencer hupishana kwa asilimia chache tu. Wakipishana kwa zaidi ya hapo, kuna kitu. Njia ya kawaida ya vipande, ya Fellenius, hushuka sana penye shinikizo kubwa la maji, na hilo ni kasoro yake, si tahadhari. Janbu rahisi, nayo ya vipande, huwa chini pia na ina kirekebishi chake. Hakikisha unalinganisha namba iliyorekebishwa. Bishop kwenye uso usio wa duara ni kosa la mtumiaji.

Halafu kuna mgongano wa kanuni. Kwa Eurocode 7, kanuni ya Ulaya ya usanifu wa ardhi, msuguano (yaani tangenti yake) na mshikamano fanisi hugawiwa kwa 1.25, na su kwa 1.4, kisha F inatakiwa ifike 1.0. Mwenzako aliyezoea utaratibu wa zamani anaichukua faili hiyo hiyo, anaona 1.08, na anaikataa kwa kuwa anataka 1.5. Usalama umehesabiwa mara mbili. Fungua kisanduku cha viwango kabla hamjaanza kubishana kuhusu udongo.

Misumari na nanga, vyuma vya kuushikilia mteremko, nazo zina lao. Chuma cha kN 150 kilichowekwa kila mita 1.5 ni kN 100 kwa mita. Programu nyingine hugawa zenyewe, nyingine hungoja ugawe. Na kuna chaguo la kama nguvu ya chuma itolewe kwenye kinachosukuma, au iongezwe kwenye kinachozuia na kugawiwa kwa F. La kwanza linafaa kwa nanga iliyovutwa mapema, la pili kwa msumari unaongoja udongo usogee.

Elementi: hesabu inakoma njiani, au F haitaki kutulia

Njia ya kupunguza nguvu inagawa mshikamano na tangenti ya msuguano kwa namba inayokua polepole hadi mteremko uanguke. Tangenti, siyo pembe. Anayehakiki kwa mkono kwa kugawa nyuzi 30 kwa 1.5 na kupata 20 amekosea; jibu ni nyuzi 21.

Kuanguka kunatambuliwa kwa hesabu kushindwa kutulia, na hapo ndipo utata ulipo, kwa kuwa hesabu hushindwa kwa sababu nyingi nyingine. Hivyo usiiamini F peke yake. Chora F dhidi ya uhamaji wa nukta moja kwenye ukingo wa juu. Ukipata mstari unaopanda kisha ukalala tambarare, umepata F. Ukikatika ghafla ukiwa bado unapanda, hesabu imekufa kabla ya mteremko: ongeza mizunguko, punguza hatua. Ukilala kidogo kisha ukaendelea kupanda, huenda kuna elementi mbovu kwenye kona, au tao limegonga mpaka wa mfano na linazuiwa na ukuta usiokuwepo duniani. Sogeza mpaka mbali.

Wavu mnene na elementi zenye nodi (nukta za kuhesabia) nyingi hushusha F. Pembetatu za nodi 6 huwa ngumu kuliko za nodi 15, na zikiwa kubwa zinakupa F ya kujifurahisha. Fanya wavu uwe mnene mara mbili, yaani wenye elementi ndogo zaidi. F ikishuka kutoka 1.34 hadi 1.27, rudia tena. Mtu mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini mteremko wake "utasogea mita 3.6". Hausogei mita 3.6. Uhamaji mwishoni mwa kupunguza nguvu ni namba ya mteremko uliokwisha kuanguka, inategemea hatua ulizoruhusu. Unachosoma pale ni umbo la kuanguka.

Dalili nyingine ya elementi: umeweka hatua ambayo haina kitu kipya, wala mzigo wala uchimbaji, na bado ardhi inasogea sentimita 8. Sababu karibu kila mara ni mkazo wa mwanzo. Utaratibu wa K0, wa kupata mkazo wa mlalo kwa kuzidisha ule wa wima kwa 1 toa saini ya msuguano, uliopendekezwa na Jaky mwaka 1944, unafaa kwa ardhi tambarare. Kwenye ardhi iliyoinama unaacha nguvu zisizosawazika, na hatua ya kwanza inazimwaga zote. Tumia upakiaji wa uzito (programu iongeze uzito wa ardhi yenyewe polepole), kisha futa uhamaji urudi sifuri kabla ya kazi yenyewe. Ila kumbuka upakiaji wa uzito una K0 yake ya siri: uwiano wa Poisson (kiasi udongo unavyotanuka pembeni ukibanwa) wa 0.3 hutoa 0.43, upende usipende.

Sakafu ya shimo inainuka kuliko akili inavyokubali

Umechimba mita 12, mfano unasema sakafu imeinuka sentimita 14 na ardhi nyuma ya ukuta, badala ya kutitia, imeinuka pia. Hiyo ni alama ya Mohr-Coulomb, mfano rahisi wa tabia ya udongo. Mfano huo una ugumu mmoja tu, wa kupakia na wa kupakua, wakati udongo wa kweli ukipakuliwa ni mgumu zaidi, mara tatu hivi ya ugumu wa kupakia ukikosa kipimo chako. Jaribio la haraka: ongeza kina cha mfano mara mbili. Kuinuka kukiongezeka, unapima kina cha mchoro wako. Hamia kwenye mfano wa udongo wenye ugumu wa kupakua unaojitegemea, au, ukikosa, panga tabaka zenye ugumu unaokua kwa kina.

Vifaa vya uwanjani vinasema ardhi inasogea

Kabla hujairekebisha programu ifuate vipimo, vikague vipimo. Inklinometa (kifaa cha kupima mwinamo wa bomba lililozikwa wima) inayosomwa kila nusu mita hadi mita 30 ina usomaji 60. Kila usomaji ukiwa na kosa dogo la mm 0.1 upande mmoja, juu unapata mm 6 za mwendo ambao haukutokea. Kosa hilo hujitambulisha kwa umbo: mchoro unaegemea kama mstari mnyoofu kutoka chini hadi juu. Mteremko unaoteleza hauegemei hivyo. Unakatika kwenye kina kimoja, ndani ya mita moja au mbili, na udongo wa juu yake unakwenda kwa pamoja. Angalia jumla za usomaji wa pande mbili zinazotazamana, ambazo zinapaswa kukaa karibu sawa hadi chini. Na hakikisha bomba limeingia kwenye tabaka lisilosogea, kwani programu inachukulia chini ni sifuri.

Prizimu (vioo vya kupimia umbali vilivyofungwa kwenye mteremko) zinazopanda na kushuka kila siku kwa saa zile zile zinapima hewa. Kosa la nyuzi joto 10 kwenye umbali wa mita 800 ni mm 8.

Kwa rada ya setilaiti ya Sentinel-1, wimbi ni sentimita 5.6, hivyo mzunguko mmoja wa rangi ni sentimita 2.8 kuelekea setilaiti. Sehemu mbili jirani zikipishana zaidi ya sentimita 1.4 kati ya picha mbili, programu inaweza kupoteza hesabu ya mizunguko na kukuonyesha mwendo mdogo, hata kinyume. Mteremko unaosogea kaskazini au kusini hauonekani vizuri hata kwa picha nzuri, kwa sababu setilaiti inapita karibu kaskazini-kusini na kutazama ubavuni.

Njia ya kinyume cha kasi (kuchora 1 ikigawiwa kwa kasi na kukisia siku itakayofika sifuri, yaani ya kuanguka), iliyotolewa na Fukuzono mwaka 1985, ina dalili moja maarufu: tarehe ya kuanguka inahama kila ukiongeza data. Mara nyingi umeingiza siku za kabla ya mteremko kuanza kuongeza kasi, au unatumia usomaji wa kila dakika kumi ambao kelele yake inatoa kasi hasi. Lainisha kwa dirisha refu kidogo, kata data ya mwanzo. Kama bado inahama kwenda mbele kila siku, huenda mteremko unapunguza mwendo, nayo ni habari.

Mteremko umeshaanguka, programu inasema 1.3

Hii naipenda kuliko zote, kwa kuwa angalau jibu linajulikana: siku ile F ilikuwa 1. Sogea kwa mpangilio huu. Maji ya siku ile yalikuwa wapi, si ya siku ya uchunguzi? Uso uliochora ndio uliopimwa, au ni duara la programu? Halafu nguvu: maabara ilikupa nguvu ya kilele, ya juu kabisa kabla udongo haujavunjika. Skempton alionyesha mwaka 1964 kwamba mfinyanzi ulioteleza zamani umebaki na nguvu ndogo zaidi, kwa kuwa chembe zake bapa zimejipanga kufuata mwendo. Mshikamano unakwenda karibu sifuri na msuguano unaweza kushuka nyuzi nyingi.

Usiipe hiyo nguvu ndogo ardhi yote. Chora tabaka jembamba pale udongo ulipoteleza zamani, na uso wa kuteleza upite ndani yake tu. F ikifika jirani na 1, unaweza kuendelea na usanifu wa tiba kwa namba hizo. Ikianguka hadi 0.7, maji uliyoweka ni mengi mno au sehemu ya uso haijawahi kuteleza. Rudi kwenye sampuli za visima, zipasue kwa mkono kwenye kina hicho, na utafute sehemu inayong'aa kama sabuni iliyokwaruzwa.